Haijawahi Kuguswa na Fundi

…saba, nane, tisa, na sasa itapiga, kumi, sasa hivi, na kwa kuwa haijapiga basi ni kumi na moja, labda amehesabu haraka, mtu wa miaka sabini na mmoja aliyetoka mbio kwenye kamera hadi kwenye ngazi za mbele ya nyumba, tena kwa goti moja lisilomsikiliza, hesabu yake huongozwa na mapigo ya moyo badala ya akili, kumi na mbili, kumi na tatu, naye anatabasamu, wote wanatabasamu, yeye mwenyewe ndiye aliyewaamuru watabasamu na wasigeuze vichwa, na pale mbele, hatua saba kutoka ngazini, kamera yake imesimama juu ya miguu yake mitatu ikiwatazama kama mkaguzi wa shule, na kile kijiti cha ubavuni mwa lenzi, ambacho ukikishusha hupanda chenyewe polepole kikilia kama nyenje kwa sekunde kumi kisha kamera ikapiga picha bila mkono wa mtu, kile kijiti kimenyamaza, kimefika nusu ya safari kikaganda kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka… si kuganda, anajirekebisha, kimepumzika, chuma nacho hupumzika, aliwafundisha wanafunzi wa mwaka wa pili tabia za chuma kwa miaka thelathini na miwili na hakuna mahali alipoandika ubaoni kwamba chuma hupumzika, lakini leo anaona si jambo la kukataa moja kwa moja. "Baba, imekwama?" akauliza binti yake kutoka ngazi ya juu, akisemea kwenye meno yaliyobanwa ili asiharibu tabasamu, naye akamjibu kwa meno yaliyobanwa vilevile, "Haijakwama, inakuja, usiongee, itakukuta mdomo wazi," na akasikia mkwewe, mume wa binti, akivuta pumzi ya mtu anayeitafutia heshima sentensi yake kabla ya kuitoa, "Baba, labda nipige na simu, iwe ya akiba tu," ya akiba, ndivyo wanavyosema siku hizi, kila kitu cha akiba, kijana huyu mwema amebadilisha simu tatu katika miaka minne, kila moja nzuri kuliko iliyotangulia na kila moja imepasuka kioo, halafu ndiye anayezungumzia akiba, "Hapana," akasema, "picha moja imebaki kwenye mkanda, na hii ndiyo picha yenyewe," na hilo ni kweli, kidirisha cha namba kinasoma thelathini na tano, imebaki ya thelathini na sita, na pale getini gari limeshapakiwa mabegi sita na dereva ameegemea boneti, maana leo binti na mumewe na mtoto wao wanaondoka, kazi ya mkwe imehamia nchi nyingine, wanasema miaka mitatu, na mtu akisema mitatu hujui kama ni mitatu ya kalenda au mitatu ya kukuliwaza, kwa hiyo ni picha ya mwisho ya mkanda na ya mwisho ya wote hawa kwenye ngazi hizi, na amewaahidi mbele ya mashahidi kwamba kamera hii itaipiga, kamera ya miaka thelathini na minane ambayo haijawahi kumwangusha hata mara moja, haijawahi, anaweza kuapa… na kwa nini basi asiende tu kuiangalia, hatua saba, akaigonga kidogo, ah, hapana, hilo walijifunza, iko ile picha ambayo familia nzima huiita picha ya suruali, mwaka ule binti alipomaliza darasa la saba, yeye aliona kamera imechelewa, akatoka kwenye mstari kwenda kuitazama, akafika, akageuka kuwaambia wasubiri, na hapo hapo ikapiga, na watu wote wa nyumba ile wakafunikwa na makalio ya mhadhiri yaliyolengwa vizuri kabisa, kila uzi wa suruali unaonekana, na mkewe aliikuza picha ile akaitia fremu, akaitundika korido, akasema ndiyo picha yake pekee ambayo hakumwambia mtu asipumue… kwa hiyo hakuna anayetoka, ama ipige ama isipige, mstari unabaki.

"Nimechoka kutabasamu," akasema mjukuu, wa miaka sita, aliyesimama mbele yao wote na begi dogo mgongoni alilokataa kulipakia, "mashavu yanauma," "Vumilia, mwanangu, babu yako anadhani anazindua treni," akasema shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe, aliyesimama mkono wake wa kulia, mwanamke ambaye tangu siku ya harusi amemwona yeye kama samani kubwa ambayo dada yake aliileta nyumbani na haipiti mlangoni, na dereva kule getini akapaza sauti, "Mzee, nije niitikise kidogo?" "Usiiguse," wakajibu watu wanne kwa pamoja, hilo likampa faraja kidogo, angalau nidhamu ipo, na akairudia kimoyomoyo hoja yake, ile aliyoitoa mezani mbele ya wageni wa kila aina, wenye hamu na wasio na hamu, kwamba kamera za zamani zilitengenezwa na za siku hizi zinakusanywa tu, kwamba ndani ya hii kuna gia za shaba zilizochongwa meno moja moja, vyuma vimefungwa kwa skrubu wala si gundi, na kitu kilichofungwa kwa skrubu kimekubali kwamba siku moja kitafunguliwa na mtu mwenye akili, ila kilichogandishwa kwa gundi kimekata tamaa siku ileile ya kuzaliwa, kwamba haihitaji betri hata ya kupimia mwanga, kwamba uzito wake ni uzito wa ukweli, hapo angewapa wageni waishike, na wageni wangeishika kwa mikono miwili kama wamepewa mtoto mchanga wa mtu mwingine, na wangesema, kweli, nzito… Mkewe peke yake ndiye hakuwahi kusema kweli, nzito. Mkewe alikuwa muuguzi wa wodi ya wazee, na jioni moja, akiwa anamenya kitunguu, hata hakuinua macho, alimwambia, "Wewe unaona kamera za zamani zilizobaki, huoni zilizokufa, njoo kliniki yangu ya watu wa miaka tisini, wote wana mioyo mizuri, utasema watu wa zamani walizaliwa na mioyo ya chuma, kumbe wenye mioyo mibaya hawakufika kliniki," na yeye, mwenye shahada mbili, alisimama na glasi mkononi akitafuta jibu, na akaendelea kulitafuta kwa miaka kumi na mmoja, mara moja alidhani amelipata akiwa bafuni, akatoka na povu masikioni kumwambia, lakini alipofika sebuleni lilikuwa limeshatoroka… na yeye mwenyewe mkewe alikuwa na kile kikamera chake, Mungu amrehemu, kikamera cha plastiki cha rangi ya kijivu, kilichojivutia mkanda chenyewe kwa kelele ya mashine ya kusaga, kilichotoa taa yake juu kama kobe anayechungulia, mfuniko wa betri ulivunjika mwaka wa pili akaufunga kwa plasta ya hospitali, na kila plasta ilipochakaa alibadilisha nyingine kama anayefunga kidonda, na kwa hicho kitu alipiga watu bila kuwaambia wasimame wapi, alipiga watu wakitafuna, watu wakifunga viatu, alikata vichwa, alikata miguu, na picha zote zilizotundikwa sebuleni ni za kikamera kile, yeye zake ziko kwenye maboksi, zimepangwa kwa mwaka, nyuma ya kila moja ameandika kiasi cha mwanga na mwendo wa lenzi kufunguka na kufunga, na ndani yake watu wote wana sura ya kusubiri kung'olewa jino.

Dakika ngapi sasa, mbili, tatu, dereva ametazama saa, mkwe ametazama dereva, na anajua kwamba binti naye anamtazama kisogoni, anausikia mtazamo ule kama mkono, na ghafla likamjia wazo asilolipenda, kwamba kamera ikishindwa leo, mbele ya wote hawa, yeye atakuwa ameshindwa ubishi wa miaka thelathini na minane, na aliyestahili kushinda hayupo, mwaka mmoja na miezi miwili hayupo, hakuna wa kuja kumsimamia mlangoni na kumwambia, haya, bwana gia za shaba, unasemaje, na kushindwa mbele ya mtu aliyekufa ni kazi ngumu kuliko alivyodhani, huwezi kukata rufaa, huwezi hata kununa, utanuna umnunie nani… basi ishinde, ipige, piga, mama, piga, anaiita kamera mama sasa, na midomo yake ikamtoroka, akasema kwa sauti, "Haijawahi. Miaka thelathini na minane, haijawahi kuguswa na fundi, haijawahi," na shemeji yake, bila kugeuza kichwa, bila kupunguza tabasamu hata jino moja, akasema, "Ndiyo maana. Mwaka huu haijaenda kwa fundi." Kwanza alidhani ni mzaha wa kawaida yake, akauacha upite, halafu akagundua kwamba umesimama, haupiti. "Unasema nini?" "Tabasamu, shemeji." "Natabasamu. Fundi gani?" "Fundi wa saa na kamera, pale nyuma ya posta. Kila mwaka ilikwenda. Mimi ndiye niliyekuwa naibeba, kwenye kikapu, nimeifunika na magazeti, wiki ile unayokwenda kusimamia mitihani, hata ulipostaafu wakawa bado wanakuita. Anaifungua, anaisafisha, anaitia mafuta, Ijumaa naichukua." "Haiwezekani, mkoba wake ulikuwa pale kwenye msumari siku zote, ningeona." "Mkoba ulikuwepo, ndiyo. Ndani aliweka kipande cha sabuni ya mche, uzito uwe uleule." Sabuni… akaiona sabuni, akaiona kabisa, kipande cha mche kimekatwa kwa kisu na kupimwa kwenye mizani ya wodini, maana mkewe hakuwa mtu wa kukisia uzito, kimelala ndani ya mkoba wa ngozi kwenye msumari wa korido, na yeye anarudi jioni kutoka kwenye mitihani, anaugusa mkoba kama anavyougusa kila jioni, anausikia uzito, anaridhika, anakwenda kula, na, ee Mungu, alimwambia mkuu wa idara, alimwambia uso kwa uso, alimpa mkoba aunuse, alisema, angalia ngozi ya enzi zile, miaka ishirini na mitano na bado inanukia usafi, siku hizi hakuna ngozi kama hii, na mkuu wa idara alinusa, mtu mwenye uprofesa, akanusa kwa heshima na kusema kweli, na mkewe alikuwa pale, alikuwa amekaa pale pale kwenye kiti cha dirishani, akasimama ghafla kwenda jikoni kuleta maji… maji. Kila mara aliposema neno fundi mbele ya wageni, mkewe alikwenda kuleta maji. Kwa miaka zaidi ya thelathini aliamini ameoa mwenyeji hodari ambaye hawezi kuvumilia kuona glasi tupu, alimsifu kwa hilo, alimsifu hata kwenye hotuba fupi ya siku ile ya kumsindikiza kaburini, mbele ya watu wote alisema, alikuwa mwanamke ambaye mgeni hakuwahi kuomba maji kwake mara mbili, na shemeji huyu huyu, akiwa safu ya mbele, aliinamisha uso kwenye leso na mabega yakamtikisika, naye akasema moyoni, maskini, namna walivyopendana.

"Tangu lini?" akauliza, "Tangu hiyo kamera ina miaka sita. Ulikwenda kwenye mkutano wenu wa vyuma, yeye akataka kupiga picha na mtoto, kijiti kikakwama hivi hivi kama unavyokiona. Fundi akamwambia ni mafuta ya ndani, yanakauka, yanakuwa kama gundi, lazima isafishwe kila mwaka," na hilo analijua, hilo alilifundisha yeye, mhula wa pili, wiki ya nne, grisi huzeeka hata mashine ikiwa imelala, aliwatungia swali la mtihani juu yake, na huenda wiki hiyohiyo aliyokuwa akipita kati ya madawati kuangalia nani anaibia jibu, kamera yake ilikuwa imelazwa juu ya meza nyuma ya posta, tumbo wazi, ikifutwa mafuta yaliyozeeka, na hakuwahi hata siku moja kujiuliza kwa nini sheria ile aliyoiandika ubaoni kwa mkono wake inavihusu vyuma vyote vya dunia isipokuwa kimoja. "Fundi mwenyewe anakujua," shemeji akaendelea, meno nje, macho mbele, kama mtangazaji wa habari, "anakuita Bwana Haijawahi." "Na mke wangu, kwa nini hakuniambia?" "Nilimwuliza. Akasema wanafunzi hawamsikilizi, mkuu wa idara hamsikilizi, mtoto hamsikilizi, hicho chombo tu ndicho kinachomsikiliza, tumharibie ya nini." Kutoka juu, binti akasema taratibu, "Mimi nilikuwa nakusikiliza, baba, kidogo," na mkwe akakohoa, na hapo akafahamu kwamba binti naye alijua, na mkwe anajua, na pengine dereva naye ameshaambiwa, na hesabu ikaanza kujifanya yenyewe kichwani bila ruhusa yake, mara moja kwa mwaka, toka mwaka wa sita, mara thelathini na kitu, kamera yake ya gia za shaba imelala kwenye meza ya fundi mara thelathini na kitu, na upande wa pili wa mizani kikamera cha kijivu, cha gundi, cha kukata tamaa siku ya kuzaliwa, kilichofanya kazi miaka kumi na tisa kwa plasta ya hospitali, kimekwenda kwa fundi mara… akatafuta, akatafuta kwa uaminifu wa mtu aliyesahihisha mitihani maisha yake yote, na akapata sifuri. Kile ndicho ambacho hakijawahi. Mkewe alikuwa na sentensi yake mdomoni miaka yote hiyo, ile ile sentensi, haijawahi kuguswa na fundi, ilikuwa yake kwa haki zote, angeweza kuitoa jioni yoyote mbele ya mgeni yeyote na ubishi ungekwisha, na badala yake alisimama, akaenda jikoni, akafungua bomba.

Na alikaa huko muda gani, sasa ndipo anajiuliza, maji ya glasi moja hayachukui muda ule, alirudi macho yamelowa na kusema ni vitunguu, na ilikuwa saa nne ya usiku, wameshakula, vyombo vimeshaoshwa, kitunguu gani, na yeye, mtafiti, mtu wa ushahidi, aliandika nyuma ya kila picha mwendo wa kufunga kwa sehemu ya sekunde na hakuona kwamba mkewe yuko jikoni ameshika ukingo wa sinki anacheka mpaka anakosa pumzi, kwa raha yake, peke yake, miaka thelathini na kitu… na kitu kikaanza kupanda kutoka chini ya mbavu zake, akadhani ni kile kingine, kile ambacho mwaka huu kimezoea kupanda mahali hapo hapo bila hodi, sokoni, benki, mbele ya sahani moja, akajikaza kukizuia kwa namna aliyojifunza, akabana midomo, akatazama mbele, lakini hiki kilikuwa kinakuja kwa mtikisiko tofauti, kilimfika mabegani kwanza, kisha puani, na kikatoka kama sauti ya bomba lililokuwa na hewa. "Babu anatikisika," akasema mjukuu, mshitaki kwa asili, hakugeuka hata hivyo, sheria ni sheria, "babu alisema mtu asitikisike na yeye anatikisika," "Baba?" akasema binti, na mkono wake ukashuka begani kwake, "Baba, unalia?" naye akatikisa kichwa, akakitikisa kweli, kinyume cha maagizo yote, kulia na kushoto, hawezi kusema, kila akitaka kusema anaiona sabuni, anamwona mkuu wa idara amefumba macho ananusa sabuni, na shemeji yake akamtazama, akamgeukia kabisa, mara ya kwanza leo, akamwona, na uso wake nao ukaanza kuvunjika kuanzia kidevuni, "Alinusa, si ndiyo, alinusa," akasema shemeji, "dada aliniambia, nilimwambia unatunga," na wote wawili wakashikana mikono ya mashati kama watu walio kwenye mtumbwi, na mkwe akaanza bila kujua anachochekea, na binti anajua anachochekea na anajifuta macho kwa kiganja ambacho bado kimeshika pasi za kusafiria, na dereva ameacha boneti anasogea getini kuona, na mstari umekwisha, hakuna mstari tena, kuna rundo la watu kwenye ngazi, vichwa huku na huku, midomo wazi, mtoto anauliza nini, nini, ni nini, na kamera kule mbele iko vilevile, kijiti katikati, hakipandi wala hakishuki, inaweza kupiga sasa hivi au isipige kabisa, na yeye, ambaye dakika nne zilizopita alikuwa anaibembeleza ipige, ipige tu, sasa amejishika mbavu, anatafuta hewa, na ndani ya kutafuta hewa huko anaiomba, bila kujua anamwomba nani hasa, isipige kwanza, isubiri, bado kidogo, hajamaliza…